Bunduki Iliyolala Bila Kukaguliwa

Jumanne, 22 Julai

Maziwa lita kumi na nane. Yule ng'ombe mweupe anabana. Mwenye pikipiki wa dairi, ile inayonunua maziwa, amechelewa tena, nikabeba mkebe mwenyewe hadi barabarani. Mgongo unalalamika. Nikarudi nikapika chai, nikamimina vikombe viwili. Wiki ya tano sasa tangu mume wangu Ondieki afe, na mkono wangu bado haujapata habari. Kikombe cha pili nilikimwaga.

Saa nne simu kutoka kituo cha polisi. Koplo mmoja wa kike, Nekesa, mtu wa Bungoma kwa kumsikia. Mwenye leseni ya bunduki akifa, familia inairudisha. Wamenipa wiki mbili. Iletwe ikiwa haina risasi, imefungwa vizuri, na cheti chake. Nikasema sawa. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili miaka thelathini na moja, najua "sawa" husemwa hasa na mwanafunzi ambaye hajaelewa.

Bunduki iko kabatini chumbani, nyuma ya suti zake. Sijaigusa tangu mazishi. Hata kabla ya mazishi sikuwahi kuigusa. Leo nimefungua kabati mara tatu na kulifunga mara tatu.

Alhamisi, 24 Julai

Mvua tangu saa nane. Nimetembea ndani ya nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nafagia palipofagiliwa.

Onchiri amepiga simu. Ni mdogo wake Ondieki, anaishi Kenyenya karibu na wakwe zake, na alikuwa askari jela mpaka alipostaafu. Tangu aoe ni Mkatoliki, sisi tumebaki Waadventista, na kila mmoja anamwombea mwenzake aone mwanga. Jumapili anakuja na wazee wawili tugawe nguo za marehemu. Ni desturi, siipingi. Koti kwa huyu, viatu kwa yule, kiti kwa ndugu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba bunduki ataichukua yeye, kwa kuwa baba yao ndiye aliyeinunua kwa mzungu aliyekuwa anafungasha kuondoka shambani hapa.

Nikamwambia bunduki si koti. Inarudi polisi. Akacheka. Nachukia kicheko cha Onchiri. Kimekaa kama cha mkaguzi wa shule.

Ijumaa, 25 Julai

Ijumaa ni ngumu kuliko siku zote. Naandika haya mchana ili nimalize kabla Sabato haijaingia.

Kila Ijumaa saa kumi Ondieki alitoa bunduki na kwenda nayo nyuma ya zizi, palipo na kichuguu. Katikati ya wiki aliitumia kuwatisha ngedere wanaovunja mahindi. Hakuwaua. Alipiga kichuguu, mlio ukatosha. Kitu pekee alichowahi kuua nayo ni mbwa mmoja mwenye kichaa aliyeingia kwa ndama. Lakini Sabato haikuingia hapa bunduki ikiwa na kitu tumboni. Alisema nayo ni mfanyakazi wa nyumba hii, ipumzike.

Ni bunduki ya kizamani. Haina ile magazini inayochomolewa kama sanduku, tunayoiona kwa polisi. Risasi zake ndogo hulala kwa mstari ndani ya mrija, chini ya mtutu, zikisukumana kama watoto wa darasa la kwanza mlangoni. Ukifyatua, inajipakia yenyewe. Ondieki aliuelekeza mdomo kwenye kichuguu, akauchomoa mrija wa ndani, akamimina risasi kwenye kopo la majarini. Kisha akavuta bolti, kile kitasa cha chuma cha ubavuni. Kisha ananiita.

Alitaka shahidi. Alisema macho ya mtu mmoja huona anachotaka. Basi naacha sufuria, natoka nikijifuta mikono, ananionyesha mahali risasi inapokaa, nami natakiwa nitazame na kusema: tupu.

Miaka ishirini na miwili nimesema tupu. Na sijawahi kutazama.

Nimeandika. Lazima niandike mahali fulani. Nilitazama jua lilipofika, nilitazama nguo kwenye kamba, nilitazama masikio yake yanavyozidi kuota nywele. Nikasema tupu kama mtu anavyosema amina, nikarudi jikoni. Yeye aliniamini kabisa.

Ijumaa ile ya mwisho nilimharakisha. Mboga ya chinsaga ilikuwa haijaiva, maji ya kuoga hayajachemka, jua liko juu ya miti ya chai. Nilisema tupu kabla hajanionyesha vizuri. Twende, nikamwambia, Sabato inatukuta nje. Akarudisha bolti, akaingia ndani. Kesho yake, kanisani, kabla ya hubiri, akaniegemea begani. Nikadhani amelala.

Jua linashuka. Naacha hapa.

Jumapili, 27 Julai

Wamekuja. Wazee wawili, Onchiri, na mvua yao. Nimepika kuku na obokima, ugali wetu, wakala hadi sufuria ikalia.

Nguo zimegawanywa. Suti ya kahawia kwa mzee wa kwanza, inambana, hakujali. Koti la mvua kwa Onchiri. Nilivumilia vizuri hadi zilipofika soksi. Soksi zilinishinda.

Kisha Onchiri akainuka, akaingia chumbani kwangu kama kwake, akatoka na bunduki. Sebuleni. Wazee wamekaa na chai mikononi. Akaigeuza, akaitazama chini.

"Haina magazini," akasema. "Hii ni tupu. Mimi nimeshika silaha miaka ishirini na mitano, Mama Bosibori, usinifundishe."

Nikamwambia risasi zinakaa kwenye mrija. Akauchomoa mrija, akaukung'uta. Hakikutoka kitu. Akautazama uso wangu kwa ushindi. Halafu akaelekeza mdomo juu, kwenye dari langu la mbao, akavuta triga.

Haikulia. Haikufanya hata kelele ya kugonga. Triga haikusogea.

"Umeona? Tupu. Tena imeharibika, inahitaji mafuta."

Wazee wakacheka, wakaendelea na chai. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Sijui kwa nini moyo haukutulia. Kitu kimethibitishwa mbele ya watu wanne, mimi nikiwa mmoja wao, na bado sikuiachia meza.

Bunduki sikumpa. Nilisimama kwenye mlango wa nje nikasema itatoka hapa na polisi au na maiti yangu. Nilijisikia mjinga, lakini nilisimama. Mzee wa suti ya kahawia akasema tumwache mjane. Onchiri akairudisha kabatini, hakuniaga.

Jumatatu, 28 Julai

Sikulala vizuri. Leo nimetafuta cheti kwenye droo ya Ondieki na kukuta daftari lake. Sikujua kwamba aliandika. Nami naandika, yeye hakujua. Nyumba moja, kalamu mbili, midomo imefungwa.

Daftari lake halina habari za moyo. Ni mahindi, chanjo za ng'ombe, risasi. Ijumaa ile: "Kumi ndani. Mbili kichuguu. Ngedere saba." Basi.

Kumi toa mbili ni nane. Hata mwanafunzi wangu mzembe angefika hapo.

Nikachukua kopo la majarini, ambamo hazikuwekwa risasi nyingine ila hizo. Nikamimina juu ya kitanda. Saba.

Nikahesabu tena. Saba. Nikakung'uta kopo, nikapapasa kitandani, nikainua blanketi. Saba.

Jumanne, 29 Julai

Moja imeanguka kwenye nyasi. Ni hilo tu. Alikuwa na haraka, mimi nilimharakisha, ikaponyoka. Nimeenda nyuma ya zizi asubuhi na jembe la palizi nikakwangua nyasi zote hadi kwenye kichuguu. Nimepata kifungo cha shati, maganda mawili makuukuu ya risasi zilizokwisha kulipuka, na jino la ng'ombe.

Jirani akapita kwenye ua akanisalimu, bwakire, akauliza napanda nini mahali pa mawe namna hii. Nikasema maboga.

Jumatano, 30 Julai

Nimerudi na ungo. Nimechekecha udongo kama mchele. Magoti yamechubuka. Maziwa ya asubuhi nimekamua vibaya, ng'ombe mweupe akanipiga teke, ilinistahili.

Haipo.

Nakaa kwenye kichuguu na kujaribu kukumbuka bolti. Ondieki alikuwa akivuta mara tatu. Moja, mbili, tatu, kila Ijumaa, sauti ile naijua kuliko kengele ya shule. Ile ya mwisho nasikia moja tu. Naisikia moja, kisha sauti yangu.

Bunduki iko kabatini, hatua tatu kutoka kwenye mto wangu. Usiku huu nitalala chumba cha Bosibori. Binti yangu huyo ni muuguzi Kisii, hana habari. Ningemwambia nini?

Alhamisi, 31 Julai

Nimeenda kituoni kwa miguu, bila bunduki. Nimemkuta Koplo Nekesa. Ni mdogo, hajafika arobaini, ana sauti kubwa na kalamu nyuma ya sikio. Nikamweleza yote. Kopo, daftari, nyasi, Onchiri na dari. Nilitaka kuruka ile sehemu yangu. Sikuruka. Nilisema nilisema tupu bila kutazama. Ndiye mtu wa kwanza kusikia.

Hakunikemea. Alichukua rula ndefu ya mezani na kunionyesha. Hapa ndipo mrija. Hapa ndipo chemba, chumba cha risasi, mwisho wa mtutu. Ukimimina mrija, umetoa zilizo kwenye mstari tu. Moja iko chemba tayari. Nyingine inaweza kuwa njiani, imeshatoka kwenye mrija, haijafika chemba. Mrija ukiwa mtupu hizo mbili hazijasikia habari.

"Sasa mama, ukivuta bolti mara moja, ya kwanza inaruka nje. Bolti ikirudi, inasukuma ile ya njiani. Inaingia chemba. Wewe unaona moja imetoka, unafurahi. Kumbe umepakia tena."

Ndiyo maana mara tatu. Ndiyo maana na kidole kidogo ndani ya tundu baada ya macho.

Nikauliza kwa nini basi haikulia sebuleni. Akauliza kama Onchiri alisogeza kitufe chochote karibu na triga. Sikuona asogeze. Akafumba macho kidogo. Marehemu alifunga kitufe cha usalama, akasema. Kikifungwa, triga haisogei, iwe na risasi, isiwe na risasi. Kutolia si ushahidi wa kitu.

Niliomba maji. Nikanywa glasi nzima nimesimama. Ondieki alifunga kile kitufe Ijumaa ile, akiwa na haraka yangu mgongoni, na dari langu limebaki zima kwa sababu hiyo, pamoja na wazee waliokuwa chini yake.

Gari la kituo limepelekwa kwenye kesi na mtu wao wa silaha yuko likizo hadi Jumatatu. Watakuja Jumatatu asubuhi. Nisiiguse, nifunge kabati, ufunguo ukae mfukoni. Kabla sijaondoka akanifanya nirudie hatua zote kwa rula, kama mwanafunzi. Mdomo kwenye udongo. Kidole mbali na triga. Mrija. Bolti mara tatu, na zaidi. Jicho. Kidole kidogo. Alisema si ili nifanye, ila mtu anayejua haogopi ovyo. Nilipata kumi kwa kumi. Naogopa vilevile.

Ijumaa, 1 Agosti

Kabati limefungwa. Ufunguo uko kwenye sidiria. Jumatatu. Jumatatu tu.

Sabato, 2 Agosti

Si desturi yangu kuandika leo. Mungu atanielewa au hatanielewa.

Nimerudi kutoka kanisani saa nane. Mlango wa nyuma umesukumwa. Kabati limeng'olewa kitasa kwa bisibisi, kazi safi, ya mtu aliyekagua seli miaka ishirini na mitano. Suti zilizobaki zimepangwa vizuri kitandani. Bunduki haipo. Anajua Sabato natoka asubuhi na kurudi mchana. Jumamosi kwake ni siku ya kawaida.

Nilipiga simu mara nne. Ya tano akapokea, mchangamfu. Amechukua kilicho cha baba yake. Aliifunga ndani ya lile koti la mvua, akaifunga na kamba kwenye pikipiki. Kutoka hapa hadi Kenyenya. Juu ya yale matuta yote.

Nikamwambia kuna risasi ndani. Nikamwambia kuhusu nane na saba, bolti, kitufe. Nilikuwa napiga kelele. Nimemfokea shemeji yangu Sabato, kwenye ukumbi wa nyumba yangu, na Biblia bado iko kwapani.

"Shemeji, nilivuta triga mbele yako," akasema. "Wewe ni mwalimu, mimi ni askari. Nimeitundika ukutani, inapendeza. Mama Kemunto ameifuta vumbi mwenyewe."

Akakata.

Ameifuta vumbi. Kwa kitambaa. Kila pembe, namjua yule mke wake, anafuta hata vitasa vya madirisha. Kitufe kile ni kidogo, ni cha kusukuma tu.

Nimezunguka nyumba hadi miguu imekufa ganzi. Nikiripoti, Onchiri analala ndani. Amehamisha silaha ya marehemu bila kibali, amevunja nyumba. Ukoo utasema mjane alimfunga shemeji yake kabla mwezi wa pili haujaisha. Nisiporipoti, na kitu kilie, itakuwa kwa neno langu. Si neno la Onchiri. Langu. Yeye anaamini mrija, mrija uliamini bolti, bolti iliishia kwenye moja kwa sababu mimi nilikuwa na chinsaga jikoni.

Ninamwogopa Onchiri kidogo, wazee zaidi. Lakini namwogopa Mama Kemunto na kitambaa chake kuliko wote.

Nimempigia Koplo Nekesa. Nimemwambia kila kitu.

Jumapili, 3 Agosti

Nimetoka alfajiri. Nimebadilisha gari Keroka na Kisii. Saa nne nilikuwa Kenyenya.

Nekesa alikuwa amenipangia. Kituo cha upande ule kingekuja, lakini gari lao lilikuwa mbali, labda saa nane, labda tisa. Hayo masaa manne au matano ya kungoja hakuyapenda. Akasema nifike, nitoe watu wote nje ya nyumba, tusubiri nje. Hapo ndipo kazi yangu iishie. Nikasema ndiyo. Nilikusudia ndiyo kabisa.

Nilimkuta Mama Kemunto sebuleni, anashona sare za kwaya kwa cherehani. Amekuwa akishona hapo tangu alipoolewa, kona ya dirisha, palipo na mwanga. Bunduki ilikuwa juu ya misumari miwili ukutani, imelala kwa ubavu, inang'aa mafuta. Mdomo wake ulielekea dirishani. Mstari wake ulikata hewa moja kwa moja hadi kifuani kwa Mama Kemunto.

Sikusalimu. Nikamshika mkono nikamtoa nje, na uzi ukavutika hadi ukakatika.

Onchiri akatoka bafuni na taulo shingoni. Akakasirika. Nikamwambia polisi wanakuja. Akakasirika zaidi, kisha akaogopa, na woga wake ulikuwa wa kijinga kuliko hasira. Akasema basi aifiche. Akaenda ndani kwa kasi. Nikamfuata. Tayari alikuwa ameshika kitako, anaivuta kutoka kwenye msumari, na kidole chake kimeingia pale pale pasipotakiwa.

Nilitumia ile sauti yangu ya darasa la nane. Sikujua kwamba bado ninayo.

"Onchiri. Toa kidole."

Akakitoa. Alisimama kama mtoto aliyekutwa na simu darasani. Na sasa bunduki iko mikononi mwake, haiko ukutani, na saa nane iko mbali.

Nikampigia Nekesa, nikaweka sauti nje. Akauliza kama kuna ukingo wa udongo karibu. Upo, nyuma ya migomba, walipochimba udongo wa matofali. Akasema basi twende polepole. Akauliza nani ataishika. Onchiri akafungua kinywa. Nikasema mimi.

Si ushujaa. Sikuwa namwamini mtu mwingine yeyote kutazama.

Ni nyepesi kuliko nilivyodhani. Niliibeba mdomo ukiwa mbele na chini, vidole vyote nje ya triga, Onchiri nyuma yangu na simu. Nikasimama mbele ya ukingo, hatua sita. Mama Kemunto na majirani tuliwatuma hadi barabarani. Migomba ilikuwa inadondosha maji ya mvua ya usiku.

Kitufe kiache kilivyo, akasema Nekesa. Mrija. Nikauchomoa. Hakikutoka kitu.

"Si unaona," akasema Onchiri, kwa sauti ya chini.

Bolti. Ilikuwa ngumu, ikanichubua kidole. Nikaivuta hadi nyuma.

Risasi iliruka kulia, ikapiga jani la mgomba, ikaanguka chini. Ndogo, fupi kuliko kidole changu, njano. Ilitoa sauti ndogo sana ya kuanguka. Nilitamani iwe na sauti kubwa zaidi, ili Onchiri asiweze kusema hakusikia.

Alisikia. Alikaa chini pale pale kwenye matope na suruali yake ya kanisani. Simu bado ameinyoosha juu kwa mkono mmoja.

Tena, akasema Nekesa. Nikavuta tena. Tena. Mara tano nilivuta, hakuna kilichotoka. Sasa ishike bolti nyuma na utazame, akasema. Nikatazama. Nilikuwa karibu kusema lile neno, lilikuwa limeshafika ulimini.

"Usiniambie tupu, mama. Niambie unaona nini."

Nikamwambia. Naona chuma cheusi. Naona tundu la duara, kubwa kama tundu la shanga. Naona mafuta kidogo ukingoni. Naona mstari wa kutu. Ndani ya tundu hakuna shaba, hakuna njano. Nikaingiza ncha ya kidole kidogo, nikausikia ukingo wa tundu, baridi, na katikati hakuna kitu. Nilisema yote. Ilichukua muda mrefu. Kamwe sikuwahi kutazama kitu hivyo, hata uso wa Ondieki.

Kisha nikalia. Bunduki chini kwenye nyasi, bolti wazi, mdomo ukingoni. Nililia hadi kamasi. Nikamwambia Onchiri ukweli wote, kwamba si yeye aliyesema tupu kwanza, ni mimi, na ndugu yake aliniamini. Alikuwa ameiokota ile risasi na kuishika kiganjani kama kitu kinachoweza kuamka.

Polisi walikuja saa tisa. Waliandika maelezo. Walimpeleka kituoni, wakamwachia jioni kwa onyo kali, na ataitwa tena. Nilikuwa kwenye benchi nje muda wote huo na Mama Kemunto. Alikuwa bado ana kipande cha uzi mwekundu kwenye mkono wa blauzi.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimechoka. Maziwa kumi na tisa. Nekesa alipiga simu: bunduki imeletwa kituoni, imeandikwa, cheti kimefutwa. Akasema nimefanya vibaya na nimefanya vizuri, na nisirudie yote mawili.

Mzee wa suti ya kahawia amepita. Amesikia mjane amempeleka Onchiri polisi. Nikamwambia ni kweli. Alingoja maelezo, sikumpa. Akaniachia ndizi.

Ijumaa, 8 Agosti

Jua limekuwa kali siku nzima. Ngedere wamekula mistari miwili ya mahindi upande wa mto, nikawatupia mawe, wakanitazama tu. Mwaka ujao nitapanda viazi.

Saa kumi sikuwa na kazi ya kuitiwa. Nilisimama jikoni, sufuria imeiva mapema, nguo zimeanuliwa, maji yamechemka. Kila kitu tayari na saa mbili nzima mbele yangu. Ningempa Ondieki hizo saa mbili.

Onchiri akapiga simu. Mara ya kwanza tangu Jumapili. Hakutaja bunduki, wala polisi, wala kabati langu. Aliuliza kama mvua imenyesha huku. Nikasema hapana. Akauliza bei ya maziwa. Nikamwambia. Nyuma yake, mbali kidogo, nilisikia cherehani ikienda, ikisimama, ikienda.

"Mama Kemunto anakusalimu," akasema.

Nikamwambia nimemsikia.